Maswali ya Wasomaji: Chakula Kikidhuru, Dhima ni ya Nani?

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa barua za wale wanaolisha soko, yaani wasindikaji, wauzaji wa jumla, wenye maghala na wasafirishaji. Karibu barua zote zina hofu moja: kushitakiwa kwa sababu ya chakula ambacho mwandishi anaamini kilitoka mikononi mwake kikiwa salama. Tumezifupisha bila kubadili maana. Pale tunapotaja sheria au kesi ya nchi fulani, tunafanya hivyo ili kuonyesha namna mahakama zinavyoyapima mambo haya. Shauri lako mwenyewe linahitaji wakili anayeijua sheria ya mahali unapofanyia biashara.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni muuzaji wa jumla. Napokea makopo na paketi zilizofungwa kiwandani na kuwauzia wenye maduka bila kufungua hata moja. Hivi karibuni nimeunganishwa katika madai ya mlaji aliyeugua, ingawa ankara zangu zote zimeandikwa chini kwamba muuzaji hahusiki na ubora wa bidhaa iliyofungwa. Je, maneno hayo hayanikingi? Na kosa langu ni lipi?

JIBU: Maneno ya kwenye ankara ni makubaliano kati yako na aliyenunua kwako. Mlaji aliyeugua hakuyasaini, pengine hakuwahi hata kuyaona, na katika nchi nyingi sheria hairuhusu mfanyabiashara kujivua kwa maandishi dhima ya kifo au madhara ya mwili yaliyotokana na uzembe wake. Kwa hiyo usiyategemee sana. Yanaweza kukusaidia katika ugomvi wako na mwenye duka, lakini mbele ya mgonjwa hayana nguvu.

Wazo kwamba mlaji anaweza kumdai mtu ambaye hakununua kwake lina historia ndefu. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa na rafiki yake chupa ya kinywaji cha tangawizi, akanywa sehemu yake, na alipomiminiwa kilichobaki akaona mabaki ya konokono. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi kisichoonyesha ndani, hivyo si mwenye mkahawa wala mnywaji aliyeweza kukagua. Mwaka 1932, katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho hata kama hawana mkataba wowote kati yao. (Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, kwa kuwa shauri lilimalizwa kwa makubaliano, lakini kanuni aliyoiacha inatumika mpaka leo katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza.)

Baadaye nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1960, majimbo mengi yalikubali dhima isiyohitaji uthibitisho wa uzembe: mdai anatakiwa kuonyesha kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomdhuru, na madai hayo yanaweza kumfikia kila aliyeiuza bidhaa katika mnyororo. Nchi za Ulaya ziliingia katika njia hiyo kwa maelekezo ya pamoja ya mwaka 1985, ambayo dhima kubwa waliiweka kwa mzalishaji. Hata hivyo, ndani yake kuna kifungu ambacho kila muuzaji wa jumla anapaswa kukijua: mzalishaji asipojulikana, msambazaji ndiye atakayehesabiwa kuwa mzalishaji, isipokuwa akiweza kumtajia mdai, katika muda unaofaa, mzalishaji huyo au yule aliyemuuzia bidhaa.

Hapo ndipo ulinzi wako ulipo, nao unaanzia kwenye kumbukumbu. Ukiulizwa kopo hili lilitoka kwa nani, liliingia lini, kwa namba ipi ya toleo (yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja), na wenzake wako wapi, uwe na jibu linaloonekana kwenye karatasi. Sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula awajue walio hatua moja nyuma yake na wateja wa biashara walio hatua moja mbele yake. Hicho ni kiwango cha chini ambacho hata mwenye stoo ya vyumba viwili anaweza kukifikia kwa daftari na kalamu, mradi namba ya toleo iandikwe wakati wa kupokea na iandikwe tena wakati wa kutoa. Wengi huiandika mara ya kwanza tu, na mzigo ukishachanganywa rafuni njia inapotea.

Kuhusu kosa lako, jiulize ulikuwa na uwezo wa kuzuia nini. Hukuweza kuona ndani ya kopo, lakini uliweza kuliona kopo lenyewe. Kopo lililobonyea ubavuni kidogo si sawa na kopo lililobonyea kwenye mshono wa mfuniko, kwa sababu mshono ukifunguka hata kwa upana usioonekana kwa macho, vijidudu huingia. Na kopo lililovimba ncha zote mbili linatangaza lenyewe kwamba ndani kuna gesi. Kama ghala lako halina mahali palipotengwa kwa bidhaa zilizokataliwa, wakili wa upande wa pili atauliza makopo ya namna hiyo huwa yanakwenda wapi. Sheria ya Usalama wa Chakula ya Uingereza ya mwaka 1990 inampa kinga dhidi ya kosa la jinai mtu ambaye hakuandaa wala kuingiza chakula nchini, mradi athibitishe kwamba kosa lilitokana na mtu mwingine, kwamba alifanya ukaguzi uliofaa au alikuwa na sababu ya kutosha kuutegemea ukaguzi wa aliyemuuzia, na kwamba hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku. Hata kama nchi yako haina kifungu cha aina hiyo, hayo matatu ni mizani nzuri ya kujipimia.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina kiwanda kidogo cha kusindika nyama na maziwa, na wafanyakazi wangu ni kumi na wawili. Mtaalamu tuliyemlipa alituachia faili nene la HACCP ambalo kusema kweli hakuna anayelisoma. Fomu za joto tunazijaza Ijumaa kwa wiki nzima kwa sababu siku nyingine kazi ni nyingi. Mkaguzi akija anaziona zimekamilika na anaridhika. Je, hili lina hatari kisheria? — Mama Msindikaji

JIBU: Mama, lina hatari kubwa, na nitakujibu kwa urefu kwa kuwa nimeshaona mafaili ya aina hii ya kutosha.

Tuanze na faili lenyewe. HACCP, yaani uchambuzi wa hatari na udhibiti wa hatua nyeti, ilizaliwa miaka ya 1960 wakati kampuni ya Pillsbury ilipokuwa ikitengeneza chakula cha wanaanga kwa ushirikiano na NASA na maabara ya jeshi la Marekani. Watu hao waligundua kwamba wakitaka uhakika kwa kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa, wangelazimika kupima na kuharibu sehemu kubwa ya chakula chenyewe. Kwa hiyo waliigeuza kazi: wakatafuta ni katika hatua ipi hatari inaweza kuingia au kukua, wakaweka kikomo katika hatua hiyo, wakakisimamia kikomo, na wakaandika walichokiona. Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha Umoja wa Mataifa cha viwango vya chakula, ilipitisha mwongozo wake mwaka 1993, na misingi yake saba ndiyo iliyobebwa na sheria za nchi nyingi.

Ukiielewa asili hiyo, utaona kwa nini faili lililonakiliwa kutoka kiwanda cha mtu mwingine halina maana. Mpango wa HACCP unaeleza njia ya chakula ndani ya kiwanda chako, mlango huu, sufuria hii, jokofu hili. Mahakamani, jambo la kwanza ambalo mtaalamu wa upande wa mdai hufanya ni kuchukua mchoro wa mpango na kuulinganisha na sakafu ya kiwanda. Kama mpango unasema nyama mbichi na iliyopikwa hupita milango tofauti, na kiwanda kina mlango mmoja, amepata anachokitaka. Kila sentensi uliyoahidi katika mpango na hukuitekeleza inakuwa ushahidi kwamba uliijua hatari, ulijua dawa yake, na hukuitumia. Mtu asiyekuwa na mpango atashitakiwa kwa uzembe. Mwenye mpango asioufuata anaweza kuonekana kwamba alidharau kwa makusudi. Punguza basi. Ni heri kuwa na vipimo vinne vinavyofanywa kila siku kuliko kumi na viwili vilivyoahidiwa.

Sasa fomu za Ijumaa. Chukua ukurasa mmoja wa wiki uliopita uutazame kama mtu asiyekupenda. Chumba cha baridi: Jumatatu saa 2:00 asubuhi, nyuzi 4.0, Jumanne saa 2:00 asubuhi, nyuzi 4.0, Jumatano saa 2:00 asubuhi, nyuzi 4.0. Kalamu ni ile ile, wino haukubadilika, mwandiko umelala upande ule ule, na Alhamisi, siku ambayo umeme ulikatika mchana kutwa, bado ni nyuzi 4.0. Daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba aliyesaini Jumanne alikuwa likizo. Wakili hahitaji kuthibitisha kwamba nyama iliharibika. Akishaonyesha kwamba ukurasa huu ni wa kubuni, kurasa zako zote zimepoteza thamani, zikiwemo zile za kweli. Zaidi ya hapo, kuandika kumbukumbu ya uongo ni kosa lenyewe katika sheria za nchi nyingi, hata kama hakuna aliyeugua.

Linganisha na ukurasa wa kweli. Saa 2:05, nyuzi 3.8. Saa 4:20, nyuzi 7.1, na mbele yake maneno ya mkono wa haraka: mlango uliachwa wazi wakati wa kupakua, katoni sita za karibu na mlango zimepimwa katikati, ya juu kabisa 4.6, zimebaki, mlango umefungwa, kipimo kimerudiwa saa 5:10, nyuzi 4.2. Kisha saini. Ukurasa huo una kosa ndani yake, na kwa sababu hiyo unaaminika. Unaonyesha kwamba kuna mtu aliyekuwa akiangalia, kwamba kikomo kilipovukwa alijua, kwamba alikipima chakula chenyewe na si hewa tu, na kwamba aliamua kwa sababu inayoelezeka. Siku ambayo hakuna aliyepima, andikeni haikupimwa na sababu yake. Pengo lililokiriwa linaweza kutetewa.

Kipimajoto nacho kihakikiwe. Kitumbukize katika maji yenye barafu iliyopondwa, kinapaswa kusoma karibu na sifuri. Andika tarehe na matokeo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au, kama ni cha moto, juu ya 60, na kipikwe mpaka kifike angalau 70 katikati. Kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi tatu kinaweza kuyafuta mafanikio yote hayo. Kwa kuwa unauza nyama na maziwa, kumbuka pia Listeria, bakteria anayeendelea kukua hata ndani ya jokofu, ingawa polepole. Kwake yeye baridi haitoshi. Kinachohitajika ni usafi wa mashine, sakafu na mifereji, pamoja na kuwatenganisha kabisa watu na vifaa vya upande wa mbichi na wa upande wa kilichopikwa. Katika mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 na 2018, ambao wagonjwa 1,060 waliandikishwa na zaidi ya watu 200 walifariki, chanzo kilibainika kuwa nyama iliyosindikwa tayari kwa kuliwa baada ya vinasaba vya bakteria wa wagonjwa kulinganishwa na vya wale waliopatikana kiwandani. Zamani msindikaji aliweza kusema kwamba mgonjwa huyo alikula mahali pengi na haiwezekani kujua. Utetezi huo unazidi kufungwa.

Neno la mwisho ni lako wewe binafsi kama mwenye kiwanda. Usifikiri kwamba kumkabidhi msimamizi kazi kunakuondolea dhima. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Park, ilithibitisha hatia ya rais wa kampuni kubwa ya maduka ya vyakula kwa sababu ya panya katika ghala ambalo hakuwa akilisimamia yeye mwenyewe. Alijitetea kwamba aliwaagiza wasaidizi aliowaamini. Mahakama ikasema kwamba mwenye mamlaka ya kuzuia au kurekebisha, asipoyatumia, anawajibika. Faini ilikuwa dola 250 tu kwa makosa matano, lakini wakurugenzi wa kampuni za vyakula nchini humo wanaikumbuka kesi hiyo kuliko faini za mamilioni. Kwa hiyo saini fomu hizo mwenyewe mara moja kwa wiki, na unaposaini uzisome.

SWALI: Ndugu Mshauri, mnunuzi wangu mkubwa ananitaka cheti cha maabara kwa kila shehena, na ninampa. Pia tulikaguliwa na kampuni binafsi tukapata alama za juu sana. Nikiwa na nyaraka hizo mbili, kuna mtu anayeweza kunidai?

JIBU: Yupo. Cheti cha maabara kinazungumzia sampuli zilizopimwa, na shehena nzima inabaki nje ya cheti hicho. Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme katika kila paketi 100 moja ina vijidudu, na vimetawanyika bila mpangilio. Ukipima paketi 5, uwezekano wa kuigundua hatari haufiki 5 kati ya 100. Ukipima 60, bado ni kama 45 tu kati ya 100. Ili ufikie asilimia 95 unahitaji kupima karibu paketi 300, na hakuna mfanyabiashara anayefanya hivyo kwa kila shehena. Cheti kina thamani kama kithibitisho kwamba mfumo wako unafanya kazi. Kikibaki peke yake hakina uzito mkubwa.

Alama za ukaguzi nazo zina kisa chao. Mwaka 2011 nchini Marekani matikiti yenye Listeria kutoka shamba moja la Colorado yaliwaua watu 33. Wiki chache kabla, mkaguzi binafsi alikuwa amelipatia shamba hilo alama 96 kati ya 100. Wamiliki walishitakiwa kwa jinai na wakakiri makosa. Alama hazikuwasaidia.

Lililo baya kuliko kukosa cheti ni kuwa na cheti usichokiheshimu. Katika mlipuko wa ugonjwa wa bakteria aina ya Salmonella wa 2008 na 2009 uliotokana na bidhaa za karanga za kampuni moja ya Marekani, uliohusishwa na vifo tisa, ilithibitishwa mahakamani kwamba shehena zilitumwa huku vyeti vikiwa vya uongo. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Basi kabla ya kuagiza kipimo, amua na uandike utafanya nini matokeo yakiwa mabaya. Shehena ibaki ndani mpaka matokeo yarudi, na kupima tena mpaka upate jibu unalolipenda ni jambo ambalo ningekushauri ulikimbie, kwa kuwa jibu la kwanza halifutiki na maabara inalitunza.

SWALI: Mhariri, jana nilipigiwa simu na mwenye duka akisema wateja wake watatu wametapika baada ya kula bidhaa yetu. Mwanasheria wa rafiki yangu anasema ninyamaze kabisa kwa sababu nikiondoa bidhaa sokoni nitakuwa nimekiri. Mke wangu anasema niiondoe leo. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize mke wako, kisha mtafute mwanasheria wako mwenyewe. Kuna tofauti kati ya kukiri kosa na kuchukua tahadhari, na huyo mwanasheria wa rafiki yako ameyachanganya. Huna haja ya kumwambia mtu yeyote kwamba bidhaa yako ndiyo iliyomdhuru, kwa sababu hulijui hilo bado. Lakini ukijua kuna uwezekano wa hatari ukaacha bidhaa iendelee kuuzwa, atakayeugua kesho ana dai zito zaidi kuliko wa jana, kwa maana wa jana alidhurika kabla hujajua.

Saa ya kwanza itumie hivi. Muulize mwenye duka namba ya toleo iliyo kwenye pakiti, tarehe na saa ya kula, saa dalili zilipoanza, na kama pakiti au mabaki yapo. Muda kati ya kula na kuugua unaeleza mengi: sumu ya bakteria aina ya Staphylococcus huweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache, ilhali Salmonella kwa kawaida huchukua saa kadhaa hadi siku chache, na Listeria anaweza kuchukua wiki. Omba mabaki yatunzwe kwenye baridi na yasitupwe. Andika maneno ya aliyepiga simu kama alivyoyasema, bila kuongeza maoni yako. Waambie na wafanyakazi wako wasiandikiane ujumbe wa kubahatisha, maana ujumbe wa simu wenye maneno kama "nilijua tu lile toleo lina shida" utasomwa mahakamani kwa sauti kubwa.

Zuia kila kilichobaki ghalani cha toleo hilo na uweke alama. Tafuta limekwenda wapi. Hapa ndipo mtu anapolipa gharama ya uvivu wa zamani. Kama toleo lako ni uzalishaji wa siku moja, kati ya usafi kamili na usafi kamili, unaweza kuondoa siku hiyo moja na kueleza kwa nini siku ya pili yake haihusiki. Kama mashine iliendelea siku tisa bila kuvunjwa na kuoshwa, au namba ya toleo ni ya mwezi mzima, huna mahali pa kuchora mstari, na utaondoa vyote. Ukubwa wa toleo huamuliwa na watu wa uzalishaji kwa kuangalia urahisi wa kazi, lakini kwa kweli ni uamuzi wa kisheria na wa kibima.

Toa taarifa kwa mamlaka ya chakula kama sheria yako inavyotaka. Mahali pengi muda ni mfupi sana, na kuchelewa ni kosa linalojitegemea. Mjulishe na mwenye bima siku hiyo hiyo, kwa sababu mikataba ya bima huwa na sharti la taarifa ya mapema, na kampuni huweza kulitumia kukataa kulipa. Soma pia bima yako inalipa nini hasa: bima ya dhima ya bidhaa hulipa madai ya waliodhurika, lakini mara nyingi gharama za kukusanya bidhaa, kuiharibu na kuwafidia wenye maduka huhitaji bima nyingine ya kuondoa bidhaa sokoni. Wengi hulijua hili siku ambayo malori yamekwisha kurudi.

Na usiharibu karatasi yoyote, hata ile inayokuaibisha. Tangu ulipopokea simu hiyo, kuchana ukurasa ni kuficha ushahidi.

SWALI: Dereva wa kampuni tuliyoikodi alizima mtambo wa baridi njiani ili kupunguza mafuta. Mpokeaji alisaini kwamba mzigo umefika katika hali nzuri. Siku mbili baadaye anadai fidia. Saini yake haimfungi?

JIBU: Inamfunga kwa yale aliyoweza kuyaona, kama idadi na katoni zilizochanika. Joto haliamuliwi kwa macho. Na hewa ya ndani ya gari hupoa upesi mtambo ukiwashwa kilomita chache kabla ya kufika, ilhali katikati ya mzigo bado ni vuguvugu. Kwa hiyo pima kati ya katoni mbili zilizobanana, mbele na nyuma ya gari, kabla ya kushusha, na kipimo kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na saa. Kifaa kidogo kinachorekodi joto safari nzima kingemaliza ubishi huu kabla haujaanza. Katika mkataba wako na msafirishaji taja kiwango cha joto kwa tarakimu, haki yako ya kuyaona maandishi ya kifaa, na nani analipa. Maneno "kwa hali inayofaa" hayatoshi.

Wala usikubali pendekezo la kuipika upya shehena iliyopata joto ili kuiokoa. Baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria haziharibiwi na moto, wala histamini, kemikali inayojitengeneza katika samaki aliyekaa kwenye joto.

SWALI: Tumebadilisha mtu anayetuuzia kiungo kimoja. Ladha ni ile ile na bei ni nafuu. Je, ni lazima tuchapishe lebo mpya?

JIBU: Omba kwanza orodha kamili ya viambato vya kiungo hicho kipya, na taarifa ya vitu vingine vinavyopita kwenye mashine za huyo anayekuuzia. Ladha haikuambii kama wamekijaza kwa unga wa soya au wa maziwa. Kwa mlaji mwenye mzio, kiasi kidogo kisichotajwa kinaweza kuua, na kwa mahakama hii ni kesi rahisi kuliko zote za chakula, kwa sababu lebo iko mezani, maabara imekipata kitu kisichotajwa, na hakuna kinachobaki cha kubishania ila kiasi cha fidia. Orodha za vitu vinavyolazimika kutajwa hazilingani: Umoja wa Ulaya una makundi 14, na Marekani ina tisa tangu ufuta ulipoongezwa mwaka 2023. Angalia ya soko unalouza, si ya soko unaloishi. Kuandika "huenda ikawa na" kila kitu ili kujilinda hakukusaidii kama ulikuwa na uwezo wa kujua na hukuuliza.

Kama kiambato chochote kimebadilika, lebo ibadilike siku ile ile kiungo kipya kinapoingia, isiwe lebo za zamani zitakapokwisha. Bunda la zamani likiachwa rafuni karibu na mashine, kuna usiku ambao mpya zitamalizika katikati ya zamu na mtu atanyoosha mkono. Lihesabiwe, liharibiwe mbele ya watu wawili, na idadi iandikwe kwenye ukurasa ule ule unaoonyesha kiungo kipya kilianza kutumika katika toleo namba ngapi.